Sparsh: Mapenzi Yasiyotaka Huruma

Ukitaja picha la Kihindi hapa Pemba, huna haja ya kueleza zaidi. Kila mtu anayo yake kichwani. Wazee watakutajia Awaara ya mwaka 1951, Raj Kapoor na Nargis, picha iliyopendwa Zanzibar kabla wazazi wetu wengi hawajazaliwa. Mama zetu wana zao za zama za mikanda ya video. Siye tumekua na Kuch Kuch Hota Hai ya 1998, na mpaka leo wapo watu dahalia hawajui muhadhara wa kesho ni saa ngapi lakini wanajua Shah Rukh Khan kalia wapi na kacheka wapi. Hata taarab yetu imechota sana huko. Si nyimbo chache tunazochezea harusini ambazo muziki wake ulitoka Bombay, maneno yakatungwa hapa hapa visiwani.

Na kanuni zake tunazijua. Stelingi hafi. Mvua lazima inyeshe, hata kama ni kaskazi kavu. Baba wa msichana lazima akatae, kisha dakika ya mwisho aachie. Mie sizidharau kanuni hizo, nimelelewa nazo. Lakini ipo picha moja ya mapenzi ambayo nimeuliza dahalia nzima na sijapata aliyewahi kuisikia, na naona ni dhambi watu wanaosomea ualimu kumaliza chuo bila ya kuiona. Inaitwa Sparsh. Kwa Kihindi maana yake ni mguso.

Imeandikwa na kuongozwa na mwanamke, Sai Paranjpye, yule yule aliyefanya Chashme Buddoor. Inahesabiwa ni picha ya 1980, ingawa kutoka kwake kwenye majumba ya sinema kulichelewa karibu miaka minne. Kwao haikukosa heshima. Katika tuzo za taifa za India ilichukua picha bora ya Kihindi na mswada bora, na Naseeruddin Shah akapewa uigizaji bora. Kisha tuzo za Filmfare za 1985 zikaipa picha bora na mwongozaji bora. Mtu ataniuliza: yakhe, picha yenye tuzo zote hizo unasemaje haithaminiwi? Nami nasema tuzo hutolewa na majaji, lakini picha huishi midomoni mwa watu. Sparsh haina ngumi, haina baba mkali, haina ngoma ya wachezaji hamsini juu ya mlima. Nyimbo zimo, lakini ni za upole, za mtu anayeimba ndani kwake. Picha ya namna hiyo haifiki kwenye vibanda vyetu vya video. Mie niliipata kwenye flashi ya mwenzangu wa chumba, tukaitizama watu wanne kwenye kompyuta moja, mmoja akisoma maandishi ya Kiingereza ya chini na kututafsiria, Lufufu wetu wa usiku ule.

Kisa chenyewe ni hiki. Anirudh Parmar, anayeigizwa na Naseeruddin Shah, ni mwalimu mkuu wa skuli ya watoto wasioona mjini Delhi. Yeye mwenyewe haoni. Siku moja anakwenda kwa daktari, njiani anasikia sauti ya mwanamke anaimba. Anaifuata ile sauti mpaka anajikuta kwenye mlango wa muimbaji badala ya mlango wa daktari. Muimbaji ni Kavita, anayeigizwa na Shabana Azmi. Ni mjane kijana, ndoa yake ilidumu miaka mitatu tu, na tangu mume afe amejifungia ndani na huzuni yake. Baadaye wanakutana tena kwenye karamu ndogo kwa Manju, shoga yake Kavita, na Anirudh anamtambua kwa sauti. Anamwambia kwamba skuli yake inatafuta watu wa kujitolea: wa kuwasomea watoto, kuwaimbisha, kuwafundisha kazi za mikono. Kavita anasitasita, halafu anakwenda.

Nyiye mnaosoma elimu mjumuisho mtapenda kujua kwamba sehemu kubwa ya picha hii ilipigwa kwenye skuli ya kweli ya wasioona huko New Delhi, na kwamba mhusika Anirudh alijengwa kutokana na mwalimu mkuu halisi wa skuli hiyo. Inaonekana. Watoto wa mle hawakuwekwa pembeni wawe pambo la machozi. Wanacheza, wanagombana, wanauliza maswali ya kuudhi, yaani ni watoto.

Tangu mwanzo Anirudh anamwekea Kavita sharti moja. Kuna neno halitaki skulini kwake: bechara. Ukitaka Kiswahili chake usihangaike na kamusi, sikiliza tu watu wanavyosema mtu mwenye fimbo nyeupe akipita sokoni Chake. "Masikini!" Ndilo hilo hilo, na sauti yake ni hiyo hiyo ya kushuka mwishoni. Anirudh anasema watoto wake wanahitaji msaada, huruma hawaitaki. Na anamaanisha. Siku moja ofisini kwake kahawa imeletwa, Kavita ananyoosha mkono amsaidie kuihudumia, na Anirudh anakasirika kweli kweli. Mara ya kwanza nilipoiona sehemu hiyo mwenzetu mmoja alisema, "Huyu ana kibri, kasaidiwa kahawa tu." Labda. Lakini pale mwenyeji alikuwa nani? Na mgeni alikuwa nani? Kwa kawaida za kwetu, mgeni akikupokonya birika mkononi kwenye nyumba yako, utamwambiaje?

Wanapendana, wanachumbiana. Na hapa ndipo picha inapoacha njia ya picha nyingine zote. Hakuna mtu anayewazuia. Hakuna jambazi, hakuna tajiri wa upande wa pili. Kinachowavuruga kinatoka ndani ya Anirudh mwenyewe. Anaanza kujiuliza: huyu mwanamke ananipenda mie, au anatafuta sadaka ya kuijaza nyumba yake tupu? Rafiki yake Dubey, naye haoni, anayeigizwa na Om Puri, amefiwa na mke karibuni, na anamwambia kwamba mke wake hakuwa na furaha katika ndoa yao. Neno lile linamwingia Anirudh kama mwiba wa mlimau. Anauvunja uchumba. Na sababu hamwambii Kavita.

Nitaiachia hapo kidogo, kwa sababu wakati naitizama picha hii nyumbani kwetu kulikuwa na barua ya posa juu ya meza.

Ilikuwa ya dada yangu. Nimemuomba ruhusa ya kuandika, kanipa kwa sharti nisitaje jina lake wala la mwenzake. Mposaji ni mwalimu, wanasomesha skuli moja. Haoni tangu utotoni. Wazee wakakaa kikao, na mie nilikuwepo kwa sababu ndiye mtoto wa kiume mkubwa. Shangazi akafungua kwa kusema, "Masikini, kijana wa watu." Mjomba akasema, "Kijana mzuri sana, Mungu amzidishie, lakini..." Ile "lakini" yake ikabaki inaning'inia, hakuna aliyeimaliza.

Nikaona jambo moja la ajabu. Kwetu mtu akileta posa huulizwa. Ndiyo kawaida ya Pemba nzima: watu wanatumwa kimya kimya kwenda kuulizia. Anaswali? Ana madeni? Ana mdomo? Yuko vipi na mama yake? Miaka miwili nyuma dada mwengine wa kwa ami aliposwa, na yule kijana akakataliwa kwa sababu alikuwa anadaiwa na kila duka kutoka kwao mpaka sokoni. Lakini huyu wa safari hii hakuna aliyeuliza lolote. Wote walishakuwa na jibu: waliokuwa wanataka kukubali walitaka kwa huruma, na waliotaka kukataa walitaka kwa huruma pia. Huruma ilishamaliza kazi kabla ya upelelezi kuanza.

Baba hasemi sana. Alingoja wote wamalize, akasema, "Huyu hajaulizwa. Nendeni mkamuulizie kama mnavyowaulizia wengine."

Tukatumwa mie na mtoto wa ami. Tulikaa siku mbili mtaani kwao na tukaja na yafuatayo. Anaswali jamaa, adhana ya alfajiri haimpiti. Hana deni, hesabu zake anaandika mwenyewe kwa nukta nundu na hakuna anayeweza kumbabaisha. Wanafunzi wanamuogopa kwa sababu anamjua kila mmoja kwa mwendo wake, ukichelewa darasani anakutaja jina kabla hujakaa. Kwenye samaki anabishana bei mpaka muuzaji anachoka. Na ana hasira za karibu. Jirani mmoja alitwambia waligombana kwa ajili ya maji ya mfereji, na wakakaa miezi miwili hawasemezani.

Tuliyasema yote kikaoni, mazuri na mabaya. Shangazi akashika kifua. "Mnamsema hivyo mtu kama yule?"

Ndiyo, shangazi. Mtu kama yule. Na hili ndilo ambalo Sparsh ilinionesha na ambalo sijaliona kwenye picha nyingine yoyote ya mapenzi: huruma humnyang'anya mtu hata haki ya kukataliwa kwa sababu za kawaida. Anirudh ni mtu mwenye kasoro, na picha haimfichii hata moja. Ana majivuno. Ana maneno makali. Anamtilia shaka mwanamke anayempenda, anamhukumu bila ya kumsikiliza, tena anamficha hukumu yenyewe. Anamfanyia Kavita kile kile ambacho watu wamemfanyia yeye maisha yake yote, kumuamulia mtu moyo wake bila ya kumuuliza. Na kwa vile picha inamkasirikia pale anapostahiki kukasirikiwa, tunaweza pia kumpenda, kama tunavyowapenda watu wengine wote, pamoja na ukaidi wao.

Linganisha na picha nyingine za Kihindi zenye wapenzi wasioona. Fanaa ya 2006 nimeiona mara tatu na nikilia sikatazwi, lakini mle Kajol anafanyiwa operesheni akapata kuona, na kisa kizima kinageuka kuwa kingine. Mara nyingi kwenye sinema upofu ni kama mvua tu, umewekwa ili watu walie, na kazi ikiisha unaondolewa. Katika Sparsh hauondoki. Anirudh wa mwanzo haoni na Anirudh wa mwisho haoni. Kinachohitaji dawa ni kile kilicho baina yake na Kavita.

Na Kavita naye hakuachwa awe malaika. Alikuja skulini na huzuni yake, na kusaidia kulimpa sababu ya kuamka asubuhi. Je, hilo ni kosa? Mie naona hapo picha ina ujasiri mkubwa, maana haikimbilii kumwambia Anirudh kwamba shaka yake ni upuuzi mtupu. Mtu anaweza kweli kuchanganya upendo na kujitoa mhanga, na hasa wanawake wetu wanaosifiwa tangu utotoni kwa kuvumilia. Lakini njia ya kujua ni moja tu, kuuliza na kungoja jibu. Uchumba unavunjika na Kavita haondoki skulini. Sasa yeye ni mwajiriwa wa pale, analipwa mshahara, na watoto ni wake kama walivyo wa Anirudh. Wanakutana kila siku kwenye veranda zile zile, wanakwepana, wanachomana kwa maneno, mpaka mambo yanafika pa kufika. Mwisho sitausema wote. Nitasema tu kwamba jina la picha linaeleweka mwishoni, na kwamba kila mmoja inambidi anyooshe mkono wake mwenyewe.

Nyumbani kwetu aliyeuliza lile swali ni mama. Hakuuliza kwa ubaya, mama ana hofu za mama. Akamwambia dada, "Mtoto kaugua usiku, mvua inanyesha, nani atatoka kutafuta gari?" Swali hili ni kama la Dubey, na mie sikulicheka. Maisha yana usiku na yana mvua. Dada akamjibu taratibu, "Mama, mie nilipougua surua nani alitoka?" Kimya. Alitoka mama peke yake, kwa mguu, na mimi nikiwa mgongoni, kwa sababu baba alikuwa dago. Nusu ya wanawake wa mtaa wetu wametoka peke yao usiku kama ule, waume zao wako dago, au Dar, au Muscat, na macho yao wanayo yote mawili.

Kisha mama akamuuliza kuhusu hasira tulizozileta sisi kwenye ripoti yetu. Dada akacheka. "Hasira zake nazijua. Tushagombana mara mbili. Moja nilishinda mie." Nikajua pale kwamba hapana sadaka yoyote inayotolewa. Mtu hagombani na anayemuonea huruma, tena hahesabu nani kashinda.

Wengine watasema haya ni mambo ya kuiga picha za watu. Siyo. Tuliokaa chuoni tukasoma juzuu ya Amma tunakijua kisa cha Sura ya Abasa, na yule sahaba asiyeona, Abdullah bin Umm Maktum, ambaye kwa ajili yake sura ile iliteremka. Kila mwaka masheikh wanatusimulia kisa kile, na kila mwaka tunatoka msikitini na fungu la kwanza tu, kwamba asiyeona asikunjiwe uso. Tunasahau kwamba bwana yule hakuja kuomba. Alikuja kutafuta elimu, na baadaye akawa muadhini pamoja na Bilal, na Mtume akiondoka Madina aliwahi kumwachia yeye mji. Alipewa kazi, na kazi ina lawama zake. Hiyo ndiyo heshima aliyokuwa akiidai Anirudh, na imo kwenye dini yetu karne nyingi kabla ya sinema.

Sasa nirudi kwetu siye walimu watarajiwa. Muhula ujao tunatawanywa kwenye mazoezi ya kusomesha, wengine Konde, wengine Mkoani, wengine Micheweni. Zanzibar imeshachagua njia ya elimu mjumuisho, kwa hiyo ipo siku utaingia darasani ukute watoto arubaini na tano, na mmoja wao haoni. Kozi imetufundisha nukta nundu ni nini, umkalishe wapi, usome kwa sauti unachoandika ubaoni. Ni mambo ya lazima, nani anabisha. Lakini kozi haina somo la nini ufanye na moyo wako siku mtoto yule atakapojibu vibaya na darasa zima linakungoja. Utampa alama za bure kwa sababu masikini kajitahidi? Akipiga kelele utamnyamazia? Mwenzake akimkopesha penseli akaipoteza, utamdai? Ukimpa alama asizostahiki umeshamwambia kwamba hukutarajia chochote kutoka kwake, na mtoto hasahau. Anirudh anawadai watoto wake. Anawataka wajue, wafanye, wakosee na wasahihishwe. Mie nimejifunza zaidi kwa kumtizama yeye na watoto wale kuliko kwenye kijitabu kizima cha kurasa themanini nilichokikariri usiku wa mtihani.

Ukiitafuta picha hii, itafute na subira. Inakwenda polepole, sauti zake ni za chini, na mwanzoni utahisi hakuna kinachotokea. Usiitizame huku unachati. Kaeni wawili watatu, mpate wa kubishana naye baadaye juu ya kahawa ile ya ofisini, kwa sababu mtabishana. Chumbani kwetu tumegawika mpaka leo, wawili wanasema Anirudh alikosa adabu, wawili tunasema birika lilikuwa lake.

Na kwa waliotaka kujua habari ya posa: barua ya majibu ishapelekwa, ndoa inshaallah ni baada ya msimu wa karafuu. Shangazi alijaribu mara ya mwisho. Alipoletewa orodha ya mahari akasema, "Mtu mwenyewe masikini wa Mungu, mpunguzieni." Dada alikuwa jikoni, akatoka na mwiko mkononi. Akasema mahari ni haki yake yeye bibi harusi na wala si ya kikao, na hakipungui kitu: kitanda, kabati, na pesa ile ile waliyotajiwa waume wa dada zake wote.

Mposaji alipopelekewa habari hiyo, tumesikia, alibishana bei.